Mkataba wa Nyumba Uwe kwa Kiswahili

Jijini Nairobi, mpangaji hubembelezwa kwa Kiswahili na kufungwa kwa Kiingereza. Wakala, awe wa Kawangware au wa Kileleshwa, humwonyesha nyumba na kumtajia kodi kwa lugha wanayoelewana. Saa ya kutia sahihi ikifika, hutolewa karatasi ya Kiingereza cha mawakili, ambacho hata mimi mwanaisimu hukisoma mara mbili. Humo ndimo yalimo masharti ya amana, notisi na nyongeza ya kodi.

Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kwa wapangaji wengi basi, mkataba ndio ngao yao. Ngao gani hiyo asiyoweza kuisoma mwenyewe?

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Bunge na lidai kila mkataba wa upangaji uwe na nakala ya Kiswahili. Nasi walimu tuanze darasani: wanafunzi, ambao wengi wao ni wapangaji, wafasiri mikataba hiyo. Asiyejua maana haambiwi maana, walinena wahenga. Mahakamani ataonyeshwa sahihi yake.