Pauni ya Sydney kwa Mbili za London

Mama mmoja alitujia na kijaluba alichorithi kwa marehemu bibi yake. Ndani mna pauni 12 za dhahabu zenye sura ya Malkia Victoria. Tukizitazama kwa kioo cha kukuzia, tukaona nyingine zina herufi ndogo mno: S ni ya kiwanda cha Sydney, M ya Melbourne. Zisizo na herufi zilifuliwa London. (Perth, yenye P, ilianza 1899, mwishoni mwa enzi yake.) Uzito ni mmoja, takriban gramu 7.99, karati 22.

Sasa mkusanyaji wa sarafu ameitaka moja ya Sydney, naye yu radhi kutoa mbili za London. Mama ameona faida, sisi tumemkataza. Dhahabu kwa dhahabu hubadilishwa sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Uadimu wa herufi hauhalalishi ziada. Hiyo ni riba, hata wote wawili wakiridhika. Njia ya halali ipo, nayo ni nyepesi: aiuze kwa shilingi, kwa bei yoyote wapatanayo, azipokee papo hapo, kisha akipenda anunue nyingine kwa amtakaye.

Je, zaka? Kila pauni ina gramu 7.32 za dhahabu safi, hivyo 12 zimepita kiwango cha gramu 85. Nazo hazivaliwi, zimewekwa tu. Akiuza moja zitabaki 11, pungufu ya kiwango, lakini shilingi alizopata zahesabiwa pamoja nazo.