OILI YA THELUJI NA MSHAHARA WA DEREVA



Barua aliyotuletea ofisini mwenzetu mmoja ina mistari minne tu. Injini ya lori lake imenoki njiani, na tajiri wake ameamua kwamba gharama yote itatoka katika mshahara wake, kidogo kidogo kila mwezi, mpaka iishe. Sababu iliyoandikwa ni neno moja: "uzembe".

Mwenzetu huyu twamjua. Kila asubuhi huvuta kijiti cha oili kabla hajanywa chai. Tulipomwuliza oili ilibadilishwa lini, alijibu kwamba lori limekwenda kilomita 70,000 tangu siku hiyo. Aliuliza gerejini mara mbili, akaambiwa anyamaze, kwa kuwa siku hizi kampuni hununua oili ya sinthetiki, oili ya Ulaya, ambayo haichakai.

Basi na tuizungumze hiyo oili ya Ulaya, maana wimbo huu matajiri wengi wameanza kuuimba, na sisi ndio tunaoulipia.

Kwanza tuseme haki. Oili ya sinthetiki si uwongo. Katika nchi kama Canada na Finland, lori likilala nje usiku huweza kuamka katika baridi ya digrii 30 chini ya sifuri. Oili ya kawaida, iliyochujwa kutoka mafuta ya ardhini, ina nta ndani yake. Baridi ikizidi nta ile huganda, na oili huwa nzito kama asali. Starta inalia, betri inakufa, krenki haizunguki. Hata injini ikiwaka kwa bahati, pampu haina la kuvuta, na beringi zinasagana chuma kwa chuma. Oili ya sinthetiki hutengenezwa kiwandani kwa namna ambayo nta hiyo haimo au imebaki kidogo sana. Baridi hiyo hiyo ikija, yenyewe inatiririka.

Ndiyo maana ya namba zilizo juu ya mkebe, ambazo wengi wetu huzisoma bila kuambiwa maana yake. Herufi W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili inavumilia baridi zaidi. Oili ya 15W hupimwa kama injini inaweza kuzungushwa katika digrii 20 chini ya sifuri. 5W katika digrii 30 chini. 0W katika digrii 35 chini. Namba ya nyuma ni unene wa oili injini ikiwa na moto, nao hupimwa kwa digrii 100. Kwa hivyo 15W-40 na 5W-40 zikishapata moto huingia katika daraja moja la unene. Dereva wa Canada anayetia 5W-40 au 0W-40, na usiku akachomeka hita ya injini katika umeme, ana akili. Nasi tungekuwa huko tungedai hiyo hiyo, na mwenye lori akikataa tungemwambia aje aliwashe mwenyewe saa kumi ya alfajiri.

Sasa tazama barabara yetu kutoka Mombasa mpaka Malaba. Mahali pa baridi ni Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Waliolala pale ndani ya kebini wanajua meno yanavyogongana. Lakini hata alfajiri mbaya ya Timboroa iko mbali sana na digrii 20 chini ya sifuri. Sifa kubwa ya oili ya theluji haina kazi hapo.

Barabara yetu inadai mambo mengine. Inadai kupandisha mzigo kutoka usawa wa bahari mpaka huko juu. Inadai vumbi, na foleni ya mpakani ambapo injini hunguruma saa nyingi na mita ya kilomita haisogei hata moja. Mwaka 2015 dizeli yetu iliwekewa kikomo cha salfa mara tano ya kile cha Ulaya: 50 kwa milioni hapa, na 10 kule tangu 2009. Salfa ikiungua huzaa asidi, na kazi ya kuizima asidi hiyo ni ya oili, nayo huchoka. Tena wako wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa. Serikali yenyewe ilijua, ndiyo sababu mwaka 2018 ikatoza mafuta ya taa Sh. 18 kwa lita ili kuwavunja nguvu.

Tajiri amesikia kwamba Ulaya kuna malori yanayokwenda mpaka kilomita 100,000 bila kubadili oili. Ni kweli. Lakini ni injini mpya, dizeli safi, barabara laini, filta ya aina yake, na oili ya daraja aliloandika mwenye kuunda lori. Yeye ameshika namba akatupa masharti. Oili kutoganda ni jambo moja; oili kutochafuka ni jambo jingine, na hilo halikuahidiwa na mtu yeyote.

Kuna na malori yaliyotumika Ulaya miaka mingi kisha yakaletwa hapa, na chini ya boneti imebandikwa karatasi ya 5W-30. Injini mpya ya kule huikubali. Injini iliyolegea beringi, ikipanda mlima na mzigo, yaweza kuonyesha presha ya oili inashuka. Fundi aulizwe, na kitabu cha lori kifunguliwe. Asiachiwe karani anayechagua kwa bei.

Na sisi tujisahihishe. Mikebe mitupu inayojazwa oili chafu na kuuzwa tena kama mpya hutoka wapi? Hutoka katika gereji zetu, kwa shilingi chache. Mkebe ukiisha, utobolewe.

Juu ya mshahara, sheria iko wazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi! Dereva aliyeuliza oili mara mbili akanyamazishwa amekusudia nini? Tena makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Na tajiri akitaka kumfukuza mtu kwa kosa, kifungu cha 41 chataka asikizwe kwanza, pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Kwa hivyo twadai kila lori liwe na karatasi ndani ya kebini: tarehe ya kubadili oili, kilomita, jina na namba ya oili, sahihi ya fundi. Mkiuliza jambo la oili, ulizeni kwa maandishi na mbaki na nakala. Injini ikinoki, msikubali oili imwagwe kabla ya kutolewa chupa moja mbele ya mashahidi. Kesi nyingi hupotelea katika shimo la gereji.

Barua ya mwenzetu tumeijibu. Tumemwomba tajiri atuonyeshe risiti ya oili na siku iliyotiwa. Mpaka tunapochapa karatasi hii, risiti haijafika.