Mnachekea Nini? Sayori wa Doki Doki Sio Kichekesho

Kuna jamaa mmoja wa mtandaoni, jina liachwe tu maana mhusika anajijua, hivi karibuni kapata kiki ya bure kwa klipu isiyofika hata dakika mbili. Kakaa mbele ya kamera, hedifoni kichwani, anacheza gemu la Doki Doki Literature Club. Anafika pale ambapo msichana anayeitwa Sayori anakutwa amefariki chumbani kwake. Jamaa anaruka kwenye kiti, anapiga ukelele, halafu anaangua kicheko mpaka anajifuta machozi. Chini kaandika: "Demu kanizingua." Klipu imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Dar mpaka Nachingwea, na kila aliyeipokea kaisukuma mbele na vikatuni vya kucheka.

Haya, taratibu sasa. Kama hujalicheza hilo gemu na unataka likushtue lenyewe, ishia hapa, kalicheze, halafu urudi. Ni la bure, gharama yako ni bando tu. Na kama siku hizi kichwa chako hakijakaa sawa, liache. Halitakimbia.

Doki Doki lilitoka Septemba 2017. Nyuma yake kuna kikundi kidogo cha Marekani, Team Salvato, kinachoongozwa na Dan Salvato. Sio kampuni lenye ghorofa na walinzi getini. Ni gemu la kusoma: picha zimetulia, maneno yanapita chini, wewe unabonyeza, na mara mojamoja unaambiwa uchague. Hamna bunduki, hamna kukimbizana. Ndo maana linakubali hata kwenye ile laptopu ya stoo ambayo betri yake ilishakufa na inaishi kwa kuchomekwa ukutani. Mvulana wa sekondari anajiunga na klabu ya fasihi shuleni kwao, klabu ina wasichana wanne: Sayori jirani yake wa tangu utotoni, Natsuki mwenye mdomo, Yuri mwenye aibu, na mwenyekiti wao Monika. Kila siku unachagua maneno 20 ya kutengeneza shairi, kesho yake mnasomeana. Rangi za pinki, macho makubwa, muziki wa kuchangamka. Kwa saa mbili za mwanzo unaweza kabisa ukasinzia.

Ila kabla ya hayo yote, kitu cha kwanza kabisa gemu linachokuonyesha ni onyo. Sio la watoto, wala sio la mtu anayetikisika kirahisi. Kwenye klipu ya jamaa hiyo sehemu haipo. Kaikata. Mtu anayekata onyo ili watu washtuke vizuri hajachambua gemu, kawafanya wafuasi wake samaki wa chambo.

Sasa Sayori. Huyu ndo yule rafiki ambaye kila darasa linaye. Anacheka kuliko wote, anachelewa kila siku, anapatanisha wenzake wakigombana, anakula vitumbua vyako na hununi. Kisha siku moja anamwambia mvulana kwamba muda wote huo alikuwa anaumwa. Kuchelewa kwake sio uvivu, ni kwamba asubuhi haoni sababu ya kutoka kitandani. Na kucheka kwake ni kazi anayoifanya ili wengine wasipate shida kwa ajili yake. Gemu linakupa chaguo mbili za kumjibu. Chagua hii, chagua ile, kesho yake ni ileile.

Hapo ndo penyewe. Watu wengi wanasema Doki Doki linatisha kwa sababu ya yale mauzauza ya baadaye: herufi zinavurugika, sura zinapinda, Monika anaanza kuongea na wewe uliyekaa kwenye kiti na kuchezea mafaili ya kwenye kompyuta yako. Sawa, inashtua. Lakini linalobaki kifuani wiki nzima ni ile asubuhi ya kabla, pale Sayori alipokuwa anasema yuko sawa.

Na Mtanzania ndo mtu wa kwanza duniani aliyetakiwa kulielewa hilo. Huku ukiulizwa "mambo?" jibu ni "poa." Ukiulizwa "hujambo?" jibu ni "sijambo." Umefiwa, sijambo. Umefeli, poa. Mwanafunzi anamwamkia mwalimu shikamoo, mwalimu anaitikia marahaba, na safari imeishia hapo. Hizo ni heshima, hamna anayezikataa. Ila kuna binti hapo katikati ambaye kasema "poa" mara arobaini kwa siku na hamna hata moja iliyokuwa ya kweli, na siku akisema "sio poa" anaambiwa ana madeko.

Tena asipojiangalia, akijidhuru akapona, anaweza kujikuta polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, mpaka leo inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ni mkosaji. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kinakiuka katiba. Bongo kipo. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo ana chaguo mbili kama za kwenye gemu: anyamaze, au aseme ashitakiwe. Halafu anatokea mtu na hedifoni za kung'aa anamchekea.

Wapo na wengine wa upande wa pili, wale wa "hilo gemu la kishetani." Hawa hawajalicheza. Wameona picha, wameona kuna kifo, wametoa hukumu. Kuna mmoja ana wafuasi wengi tu, kazi yake ni kuchambua katuni na kuwaonyesha wazazi pembe za shetani zilipofichwa, na Doki Doki kalipa dakika ishirini nzima. Dakika ishirini, na jina la Sayori halijatajwa hata mara moja. Mzazi akitoka hapo anamnyang'anya mtoto simu, basi, kazi imeisha. Hamna aliyemuuliza mtoto kwanini kalirudia lile gemu mara tatu. Mchekaji na muonyaji wanaonekana maadui, kumbe wamepita njia moja: wote wawili wamemruka binti.

Na hii tabia haijaanza na intaneti. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika haijafikisha hata miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka. Hawakuweza kuacha. Kicheko kikahamia kwa wengine, kikachanganyika na kilio na kukimbiakimbia, mpaka wanafunzi 95 kati ya 159 wakawa wamepatwa. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, mabinti wakarudishwa makwao, na kicheko wakaenda nacho. Kijiji cha Nshamba peke yake walipatwa watu 217. Madaktari walipima, hawakuona sumu wala kidudu. Waliochambua baadaye wanasema ni msongo, watoto waliobanwa mpaka mwili ukatafuta mlango wa kutokea.

Dunia inaijuaje Kashasha leo? Kama kituko. "Ugonjwa wa kucheka wa Afrika," watu wanausimulia kwenye sherehe. Wasichana 95 wanalia katikati ya kicheko, na kilichobaki kwenye kumbukumbu ni kicheko.

Rudi sasa kwenye simu yako. Kila baada ya muda inatokea klipu ya shule fulani, wanafunzi wa kike wanaanguka, wanapiga kelele, wanaambiwa wana mapepo. Wanaletwa wa kuombea, wanaletwa wa kufukiza. Iwe ni mapepo, iwe ni msongo, kila mtu abaki na imani yake, hapa sio msikitini wala kanisani. Swali ni la mshika simu. Sketi imepanda, binti hajitambui, na kuna mtu mzima anachukua video, anaweka wimbo wa singeli chini, anaituma. Huyo naye ana tofauti gani na jamaa wa hedifoni? Tofauti ni moja tu, wa hedifoni anamcheka mtu wa kuchorwa.

Ili haki itendeke, gemu lenyewe nalo lina la kujibu. Baada ya Sayori linaingiwa na tamaa. Yuri naye ana maumivu yake, lakini yeye hapewi ile asubuhi ya kuongea aliyopewa Sayori; maumivu yake yanageuzwa fataki, damu kidogo hapa, macho ya ajabu pale, ili mchezaji aruke. Natsuki nyumbani kwao kuna tatizo na baba, linatajwa juu juu likaachwa njiani. Gemu linalokuonya usimdharau msichana anayeumia halikutakiwa kuwatumia wawili wengine kama baruti. Na Kiingereza chake ni kingi, kurasa kwa kurasa, kwa hiyo wengi wa mtaani wanaruka maneno kusubiri picha. Ukiruka maneno kwenye Doki Doki umebaki na kelele tu, na kelele ndo hizo za kwenye klipu.

Zamani mabanda ya video yalikuwa na dawa ya hilo. Lufufu alikuwa anachukua filamu ya kigeni anaitia Kiswahili, na hata pale alipoongeza chumvi, ukitoka bandani unajua nani kamfanyia nani nini. Watangazaji wa magemu wa leo wana maikrofoni nzuri kuliko yake na hawawezi kukueleza hata huyo Yuri ni nani.

Halafu utasikia: aah, hofu ya Wajapani sio yetu. Kwanza waliolitengeneza ni Wamarekani. Pili, Bongo ina historia ya kutisha watu, Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi watu walizitazama usiku wakashindwa kwenda chooni nje. Kinachokosekana sio majini. Kinachokosekana ni mtu wa kuliweka jini kwenye shule ambayo watu wanaijua. Angalia Taiwan. Januari 2017, miezi michache kabla ya Doki Doki, studio yao ndogo ya Red Candle Games ilitoa gemu linaitwa Detention: shule ya miaka ya 1960, mizimu ya imani za kwao wenyewe, na nyuma ya mizimu kuna serikali inayokamata watu kwa kusoma vitabu vilivyopigwa marufuku. Mwaka 2019 likawa filamu. Hawakuazima hofu ya mtu. Walichimba uani kwao.

Huku uani hakuna cha kuchimba? Chukua Nachingwea na Ruangwa tu. Kuna wanafunzi wa sekondari ambao shule iko mbali na kwao, wazazi wanawapangia chumba karibu na shule, geto. Binti wa kidato cha pili, miaka kumi na tano, anaishi mwenyewe. Godoro, ndoo, jiko la mkaa, kufuli moja. Unga anatumiwa kwa bodaboda kutoka Mkotokuyana, na msimu wa korosho ukichanganya wazazi wako shambani, unachelewa. Usiku kuna mtu anagonga mlango anajifanya anaulizia chaji. Mara ya kwanza anagonga na kuondoka. Mara ya pili anaita jina. Asubuhi binti anapita katikati ya mikorosho kabla jua halijatoka, anafika shule, mwenzake anamwambia "mambo?" Anajibu poa. Akikosekana wiki mbili, kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro, na hamna anayekwenda kugonga ule mlango mchana.

Hilo ni gemu la kutisha na halihitaji hata jini mmoja. Programu ya kulitengenezea, Ren'Py, ni ileile iliyotengeneza Doki Doki, ni ya bure, na kazi yake unaweza kuitoa mpaka kwenye simu ya Android. Inahitaji mtu anayejua kuandika Kiswahili cha kueleweka, rafiki anayechora, na subira. Vijana wa hivyo Ruangwa wapo, wamemaliza kidato cha nne, wanashinda kibandani wakibishana kuhusu Namungo. Kelele wanazo. Wakae chini waandike mazungumzo ya usiku mmoja tu pale getoni, waone kama kuna mtu atacheka.

Na kwa anayesoma hapa akajiona yeye ndo Sayori, au anamjua wa kwao: simu 116 ni ya watoto, kupiga ni bure. Sio lazima uanze na maelezo marefu. Anza na "sio poa."

Jamaa wa hedifoni, kwa taarifa yenu, ameshatangaza sehemu ya pili, laivu, Ijumaa saa tatu usiku. Sehemu ya pili ndo ile gemu linapoanza upya kama hakuna kilichotokea. Klabu ni ileile, muziki uleule, ila jina la Sayori limefutwa na hamna hata mwenzake mmoja anayemkumbuka.