Kabla Bwana Hajaaga Kazini, Nyumbani Kujuwe

Tangu Jürgen Klopp aondoke Liverpool mwezi Mei 2024, mabwana zetu hawajaacha kuulizana barazani: atarudi au harudi? Aliifundisha timu ile zaidi ya miaka 8, akaaga kwa kusema kuwa nguvu zinamwishia. Alipoulizwa mwaka 2025, alijibu kwamba akifundisha tena Uingereza basi itakuwa Liverpool tu. Kwa hiyo mlango haujafungwa.

Wao wanahesabu vikombe. Sisi tunauliza jambo jengine: mtu anapoiacha kazi aliyoizoea, au anapotaka kuirudia, nyumbani kwake ameshauriana na nani?

Mfano mzuri tunaupata kwa kocha aliyekaa zaidi ya Klopp, Alex Ferguson wa Manchester United. Alianza kazi pale Novemba 1986. Mwaka 2001 ilikuwa imeshatangazwa kuwa msimu ukimalizika, 2002, anastaafu. Siku ya Krismasi, yeye amelala kwenye kochi, mkewe Cathy na watoto wao watatu wa kiume walikaa wakalizungumza. Kisha wakamwamsha na kumwambia kuwa bado ana afya, bado ni mapema, asistaafu. Februari 2002 akabadilisha uamuzi. Baada ya hapo alichukua ubingwa wa Uingereza mara 6 nyengine, pamoja na Kombe la Ulaya la 2008.

Na alipoondoka kweli, Mei 2013, sababu ilitoka nyumbani vilevile. Cathy alikuwa amefiwa na dada yake, na Ferguson alieleza kuwa alimuona mkewe amebaki mpweke. Safari hii hakurudi tena kufundisha. Cathy alifariki mwaka 2023. Walipata miaka 10 ambayo mpira haukuwachukulia.

Tunajua watakaosema: kulisha nyumba ni jukumu la mume, basi kazi ni yake, aamue mwenyewe. Jukumu ni lake, hatubishi. Lakini akiiacha kazi, anayepunguza kitoweo jikoni ni mke. Akiamua kurudi kazini, tena pengine mbali, Dar es Salaam au Muscat, anayebaki na watoto na wazee ni mke. Jambo linalowagusa wote wawili lina haki ya mashauriano, na dini yetu imetuhimiza tushauriane hata katika kumwachisha mtoto ziwa.

Wapo wenzetu wanaosikia kwa jirani kwamba bwana ameacha kazi. Hiyo ni fedheha, na aghalabu ugomvi unaofuata hautokani na pesa. Mke anaumia kwa kuwa aliwekwa nje ya jambo lake mwenyewe.

Kwa hiyo nyinyi mabibi harusi mnaohesabu siku, mkikaa na wachumba zenu mbele ya wazee, msiishie kwenye mahari, ukumbi na rangi ya nguo. Ulizeni: ukichoka na kazi, utaniambia kabla hujamwambia bosi wako? Tutaweka akiba ya miezi mingapi? Ukitaka kurudi baada ya mapumziko, tutaamua pamoja? Na nyinyi mnaofanya kazi, skuli, hospitali au dukani, jiulizeni hayohayo. Mke naye huchoka, naye huenda akataka kupumzika mtoto akiwa mdogo, kisha arudi. Hilo lizungumzwe sasa, wakati nyoyo bado laini.

Mume akija kukwambia amechoka, usikimbilie kumuuliza tutakula nini. Mpe maji, msikilize mpaka amalize, kisha hesabuni pamoja. Pengine utamwambia avumilie mwaka mmoja zaidi, kama Cathy alivyomzuia mumewe. Pengine utamwambia apumzike, Mungu atafungua njia. Lolote mtakaloamua, jirani awe wa mwisho kujua.