Makonyo ya Pemba, Maembe ya Muyuni na Maabara ya Tunguu

Kila msimu wa maembe unapowadia, mkulima wa Muyuni hupatwa na simanzi ile ile. Boribo lililopendeza kwa nje, akilipasua, ndani limejaa mabuu. Adui wake ni nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aitwaye na wataalamu Bactrocera dorsalis, ambaye aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na katika muda wa miaka michache tu akaenea sehemu kubwa ya Afrika. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani ya tunda, na kwa hiyo dawa inayopulizwa juu ya ganda haimfikii buu.

Kwa upande mwingine, kisiwani Pemba, makonyo ya karafuu hukamuliwa mafuta, na mafuta hayo huuzwa ng'ambo. Ni watu wachache wanaofahamu kwamba mafuta ya Pemba na mabuu ya Muyuni yana uhusiano. Twaona wakati umefika wa kuueleza uhusiano huo, na wa kuutumia.

Sehemu kubwa ya mafuta ya makonyo ni yujenoli, kitu kile kile kinachotuliza jino linalouma. Haidrojeni moja katika molekyuli ya yujenoli ikiondolewa, na mahali pake pakawekwa kifundo cha kaboni moja na haidrojeni tatu, hupatikana methili-yujenoli. Harufu ya kitu hiki huwavuta madume ya nzi tuliyemtaja, nao huiendea bila ya kujizuia. Kikitiwa mtegoni pamoja na sumu ya wadudu, madume hufa na majike hubaki bila ya wenza. Katika kisiwa cha Rota, bahari ya Pasifiki, vipande vya ubao vilivyoloweshwa kwa mchanganyiko kama huo vilidondoshwa kwa ndege, na kufikia mwaka 1965 nzi huyo alikuwa ametoweka kisiwani humo.

Hapana shaka msomaji atauliza: ikiwa mambo ni mepesi hivyo, kwa nini hatukuyafanya zamani? Jawabu limo katika kitendanishi, yaani kemikali inayotumiwa kuigeuza kemikali nyingine. Kwa miaka mingi kitendanishi kilichozoeleka kwa kazi hii kilikuwa dimethili salfeti. Ni sumu kali. Mvuke wake hauna harufu ya kumtahadharisha mtu, na aliyeuvuta huweza kwenda nyumbani akijiona mzima, madhara yakamzukia baada ya saa kadhaa. Hakuna mzazi mwenye akili ambaye angeridhia mwanawe afundishwe kazi kwa kitu cha namna hiyo.

Lakini elimu haikusimama. Wanakemia, miongoni mwao Profesa Pietro Tundo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ca' Foscari, Venice, wameonyesha kwamba dimethili kabonati yaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Sumu yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kwanza, na mabaki yake ni methanoli na hewa ya ukaa, badala ya maji machafu yenye chumvi za salfeti. Tena si lazima kazi ifanyike katika pipa kubwa, kwani mchanganyiko waweza kupitishwa kidogo kidogo katika bomba lenye moto, hivi kwamba kilichomo hatarini kwa wakati mmoja kikawa kichache. Njia ya namna hii yakifaa kisiwa kidogo kuliko kiwanda cha mabilioni.

Hatusemi kwamba njia hii haina kasoro. Dimethili kabonati huwaka moto upesi, huhitaji joto kali ili ifanye kazi, na methanoli inayobaki ni lazima ikusanywe, kwani huua anayeinywa. Zaidi ya hayo, mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka methili-yujenoli katika kundi la vitu ambavyo yumkini huleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mahali pake ni ndani ya mtego, wala si juu ya tunda, na anayeishika sharti avae glavu. Aidha, nzi wapya wataendelea kuingia na matunda yanayovushwa kutoka bara, na ziko aina nyingine za nzi wasioijali harufu hii. Mtego pekee hautatosha bila ya kuyafukia maembe yaliyooza na kuyakagua mazao bandarini.

Pamoja na hayo yote, hoja yetu inasimama. Tangu karne ya 19 wanakemia wa Ulaya waliigeuza yujenoli ya karafuu kuwa vanilini, na faida ya kugeuza ikabaki huko huko. Leo sehemu kubwa ya vanilini duniani hutokana na petroli, na mlango huo kwetu umekwisha kuwa mwembamba. Huu wa mtego wa nzi bado u wazi, na mnunuzi wa kwanza ni mkulima wetu wenyewe.

Tunaiomba Serikali iwakutanishe pamoja Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC) lenye mafuta, Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) chenye wanafunzi wa kemia pale Tunguu, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kizimbani inayowajua nzi, na Mkemia Mkuu wa Serikali ambaye atasimamia usalama. Waanze kwa lita chache na kijiji kimoja. Dimethili salfeti ipigwe marufuku katika kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Gharama ya kila lita, na hesabu ya maembe yaliyookoka, zitangazwe hadharani, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Ikionekana kwamba dawa iliyotengenezwa hapa ni ghali kuliko ya kununua, tuambiwe, na wanafunzi wetu watakuwa wamejifunza kazi ya kweli. Ikionekana ni rahisi, basi mkulima wa karafuu wa Pemba atakuwa amemlindia mwenziwe wa Muyuni embe lake, na thamani ya makonyo haitaishia tena kwenye pipa la kusafirishwa.