Urithi wa Ujamaa Katika Ardhi ya Issuna
Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967, aliweka sharti la ridhaa ya watu. Lakini ilipotoka amri, mwaka 1973, kwamba wakulima wote wahamie vijijini kabla ya kwisha mwaka 1976, palipostahiki mashauriano pakaingia jeuri, na hilo, kwa rai yangu, liliudhuru ujamaa kuliko hata ukame. Hata hivyo, mkulima wa alizeti hapa Issuna, mkoani Singida, angali anao urithi azizi wa fikra zile: mkutano mkuu wa kijiji, ambao, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi pasi na idhini yake. Basi, ndugu zangu, hudhurieni mkutano huo, na mhoji bila ya hofu.