Kabla hujampigia makofi, sikiliza anavyowataja majirani zako

Msimu wa kampeni ukifika Makanya, hakuna nyumba inayoukosa. Magari ya matangazo yanapita barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha, spika zinasikika mpaka vitongojini, na watoto wanakimbilia fulana na kofia. Mtoto wa miaka sita anaimba wimbo wa mgombea kabla hajajua diwani anafanya kazi gani.

Wazazi wengi humpima mgombea kwa ahadi zake: maji, barabara, dawa kwenye zahanati. Ni sawa. Lakini kipo kipimo kingine kisichohitaji kusoma ilani: anawatajaje watu wasio wa kabila lako, dini yako au chama chako?

Makanya swali hilo lina uzito. Wapo Wapare walioteremka milimani kutafuta shamba, Wamasai wenye mifugo tambarare, na familia zilizofuata kazi ya mkonge na machimbo ya jasi. Maziwa anayokunywa mtoto wa Kipare huenda yametoka kwa mama wa Kimasai, na mahindi ya mama huyo yametoka kwa mkulima wa Kipare. Siku ya kliniki, wote wanakaa benchi moja wakisubiri watoto wapimwe uzito.

Ugomvi nao upo, na ni wa kweli. Mvua ni haba. Wakulima wa Makanya wanategemea maji ya mafuriko yanayoteremka kutoka milimani, baada ya kupita kwa watu wa Vudee na Bangalala ambao nao wana mashamba na ndiva zao za kujaza. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wakiingia shambani, familia inapoteza chakula cha miezi mingi.

Wagombea wawili wanaweza kulisemea tatizo hilohilo. Wa kwanza anasema zamu za maji zipangwe upya, njia za mifugo zitengwe, na anayeharibu mazao alipe. Wa pili anasema wale wa juu ni wezi wa maji, na wafugaji warudi walikotoka. Baada ya mwaka mmoja, wa kwanza anaweza kuulizwa: zamu ziko wapi? Wa pili hana la kuulizwa, kwa sababu hakuahidi kazi yoyote. Maji hayajaongezeka hata ndoo moja, ila watu wamepata wa kumchukia.

Ukali si ubaguzi

Hii haina maana kwamba mgombea mzuri ni mpole asiyelalamika. Mwaka 1945 maelfu ya wananchi wa milima ya Pare walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru iliyowekwa na utawala wa kikoloni. Walikuwa wakali, na hawakuficha hasira yao. Lakini hasira hiyo ilielekezwa kwenye kodi na waliyoiweka, si kwa jirani wa kijiji cha pili.

Mgombea anayekemea rushwa, anayeuliza fedha za dawa zimekwenda wapi, hajagawa watu. Anayegawa ni yule anayesema shida yako imeletwa na kabila fulani au dini fulani. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 20, inakataa kuandikisha chama kinacholenga kupigania maslahi ya kabila, dini, rangi, jinsia au mahali watu watokako. Kama chama hakiruhusiwi, kwa nini mgombea mmoja apigiwe makofi kwa jambo hilohilo?

Wakenya wanaijua bei yake

Huko Bonde la Ufa, nchini Kenya, watu wa makabila yaliyohesabiwa kuwa wageni waliitwa "madoadoa". Ni neno dogo la Kiswahili, la kusemea nguo au ng'ombe. Lakini doa kwenye nguo huondolewa, na kila aliyelisikia alielewa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makazi yao. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa walimokimbilia watu lilichomwa moto Kiambaa, karibu na Eldoret. Wengi waliokuwa ndani walikuwa wanawake na watoto. Barabara zilifungwa, na wagonjwa wanaomeza dawa kila siku, wakiwemo wanaoishi na VVU, wakashindwa kuzifuata.

Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini makubaliano ya kuunda serikali ya pamoja. Viongozi walikaa meza moja. Familia nyingi zilizokimbia ziliendelea kulala kwenye mahema. Mzazi anayemshangilia mgombea wa mgawanyiko akumbuke mpangilio huo: wakubwa hupatana mapema, wadogo huchelewa kurudi nyumbani, na wengine hawarudi.

Mtoto hahitaji kuona panga ili aumie

Watoto husoma hofu kwenye nyuso za wazazi. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Mwingine anaota ndoto za kutisha, analalamika tumbo lisiloonekana ugonjwa, au anakataa shule kwa sababu jana ameitwa kwa jina baya la kabila lake. Matusi yanayosikika jukwaani leo huwa mchezo wa mapumziko shuleni kesho.

Kwa hiyo, kabla ya kuvaa fulana yake, jiulize haya:

- Ukiondoa majina ya makabila na dini kwenye hotuba yake, kinabaki nini?
- Anaahidi kufanya nini, kwa fedha ipi, na kwa muda gani?
- Maneno hayo angeyasema mbele ya wale anaowasema?
- Wafuasi wake wakitukana au kutishia watu, huwakemea au hucheka?

Nyumbani nako kuna kazi. Sauti ya WhatsApp inayotukana kabila au dini ya watu, hata kama imetoka upande unaoupenda, isitoke kwenye simu yako kwenda kwa mwingine. Usimtume mtoto kuimba nyimbo za kejeli ili wakubwa wacheke. Akiuliza kwa nini baba wa rafiki yake anaunga mkono chama kingine, mjibu kwamba watu wazima huchagua tofauti na bado hukopeshana chumvi. Na kama familia inakubana umuunge mkono mtu usiyemwamini, kumbuka kura ni siri. Chumba cha kupigia kura anaingia mtu mmoja.

Kura ikishahesabiwa, mgombea ataondoka na msafara wake, awe ameshinda au ameshindwa. Asubuhi yake mama wa maziwa atapita mlangoni kama kawaida, na mtoto akishikwa na homa usiku, wa kwanza kugongewa mlango atakuwa jirani. Mchague kiongozi ambaye hatakufanya uone aibu kumgongea.